Mluzi juu ya mvumo

Jana usiku umeme ulikatika nikiwa katikati ya wimbo wa Sainkho Namtchylak. Spika ikazima, na kile kimya kikanikera kuliko giza.

Mama huyu alizaliwa mwaka 1957 huko Tuva, kusini mwa Siberia, mpakani na Mongolia. Kwao uimbaji wa koo, khoomei, ambapo mtu mmoja hutoa sauti mbili kwa pamoja, mvumo chini na mluzi juu, ulihesabiwa kazi ya wanaume. Wanawake waliambiwa utawaharibia uzazi. Yeye akaimba, tena akaenda kuimba na wapiga saksofoni wa muziki huria, unaobuniwa papo hapo, kina Evan Parker na Ned Rothenberg. Mara ya kwanza kumsikia niliapa kuna mashine. Kumbe ni koo lake tu, likikwaruza, likilia kama kitoto kichanga, kisha likipiga mluzi.

Nimeshajaribu mwenyewe, nikisubiri wali uive. Unashika sauti moja ya chini, huiachii, unainua ulimi kama unayetaka kutamka "l", mdomo umeubana. Dada akachungulia kuuliza kama jokofu limeharibika. Lakini kwa sekunde mbili hivi nikausikia: mluzi mwembamba kama uzi, juu ya sauti yangu. Nikashtuka, ukapotea.

Tangu siku hiyo nimekuwa mgumu kuridhika na michanganyiko ya muziki wa asili na wa kisasa. Wengi humchukua mwimbaji wa Tuva, wakamtandikia kinanda kinachobadili sauti kila baada ya sekunde chache, basi, wakaita ubunifu. Mluzi ule huzaliwa ndani ya sauti ya chini. Sauti ya chini ikitulia, unasikika. Ukiirundikia nyingine, umeufukia.

Ndiyo maana nawapenda Yat-Kha, kundi la Albert Kuvezin wa Tuva. Kwenye kargyraa, mtindo wa uimbaji wa koo wenye sauti nzito, nyama zilizo juu ya nyuzi za sauti nazo hutikisika, sauti ikashuka oktava nzima. Ngurumo ile ikikutana na gitaa la umeme lenye mkwaruzo, ni kama ndugu wawili waliopotezana. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Tanzania, na Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji wa Kanada, nao walinipa hisia hiyo, zeze la Kigogo likiwa ndani ya mitambo ya studio bila kumezwa.

Umeme ulirudi saa tisa usiku. Jokofu likaanza kuvuma, sauti moja, haipandi haishuki. Nikaamka, nikasimama karibu nalo peku, nikainua ulimi.