Nguo za watoto wasiofika nyumbani: nilipofikia mpaka sasa

Jana usiku nimemaliza kufumua gauni la nne. Matatu ya kwanza yamenipa nguo 23. Hili peke yake naona litatoa 12, maana lina mkia mrefu na sketi ya tabaka tatu. Kwa ambaye hajawahi kunisoma: napokea magauni ya harusi kutoka kwa wanawake walioamua kuyatoa, nayafumua, kisha nashona nguo za kuzikia watoto wachanga, waliofia tumboni na njiti ambao hawakuishi. Mtoto wa wiki 20 ana urefu wa sentimita 25 hivi na uzito wa gramu 300 na kitu. Nguo ya mtoto aliyetimiza miezi yake inammeza, na hakuna mzazi anayestahili kumwona mwanawe hivyo siku anapomuaga.

Kufumua ndiko kunakokula muda. Naanza na zipu, halafu bitana, halafu kifua pamoja na ile mifupa ya plastiki iliyofichwa ndani. Shanga nazitoa moja moja kwa mkono popote sindano itakapopita. Gauni la pili nilikuwa na haraka, nikavunja sindano mbili. Satini nayo haisahau: tundu la mshono wa zamani linabaki hata ukipiga pasi, na pini huacha alama, kwa hiyo pateni, ile karatasi ya kukatia nguo, naiweka mbali na mishono ya zamani na pini nazibana kwenye ukingo tu, mahali patakapofichwa na mshono mpya. Kabla ya kukata nafua kila kipande kwa maji ya baridi. Pindo la chini huja na vumbi la ukumbi. Madoa ya soda ndiyo yanayonitesa, kwani siku ya harusi hayakuonekana, yakageuka manjano baada ya miaka kabatini. Penye doa lisilotoka nakata pembeni.

Sasa niseme kosa langu kubwa. Nguo zangu za kwanza zilikuwa na kola, mikono ya kuvimba na vifungo vitatu mgongoni. Nilizionea fahari. Muuguzi niliyempelekea aliitandika moja mezani, akainyoosha taratibu, akaniambia, "Dada, ni nzuri sana, lakini haitavalika." Akanionyesha kwa mikono yake. Mkono wa mtoto aliyefariki huwezi kuukunja na kuuvuta ndani ya mkono wa nguo. Ngozi ya njiti ni nyembamba mno, ukiisugua inachubuka, na mwili hutoa majimaji, kwa hiyo kitambaa kikavu kinaweza kuganda. "Shona nguo ambayo mtoto analazwa ndani yake," aliniambia. "Sisi tusimvute popote." Nilirudi nyumbani nikafumua zote saba.

Tangu hapo nguo zangu zinafunguka nyuma yote, kuanzia shingo hadi pindo. Mikono ni mipana na imekatwa pamoja na mwili wa nguo, tena bega moja moja linafunguliwa kwa utepe. Ndani naweka pamba laini nzima nzima, na mishono yote inabaki katikati ya vitambaa viwili, kidole kikipita ndani kisikute kitu. Lesi na shanga chache zilizobaki zinakaa mbele, juu kabisa. Vifungo nimeacha. Nafunga kwa tepe nilizokata kwenye satini ileile. Nina pateni nne: sentimita 25, 30 kwa wiki 24, 37 kwa wiki 28, na 50 kwa aliyetimiza miezi. Nusu ya nguo naziacha bila dalili ya kike wala ya kiume, maana wapo wazazi ambao hawatajua.

Kwa walio wadogo kuliko sentimita 25 nashona vifuko. Mwanzoni nilivichukulia kama kazi ya mabaki, vipande vya mwisho visivyotosha nguo. Najuta. Ndivyo vinavyoisha kwanza kila ninapopeleka. Kifuko kina umbo la bahasha, pamba mara mbili ndani, mdomo unageuzwa nje na kupambwa kwa lesi nyembamba ili mama aweze kukishika mkononi bila kuhisi ukingo mkali. Shela ni ngumu kwa ngozi, kwa hiyo kipande chake nakitandaza nje tu. Kwenye gauni hili la nne nimetenga satini ya kifuani, sehemu nzuri kuliko zote, iwe ya vifuko.

Jambo jipya ninalojaribu ni mioyo miwili midogo ya kitambaa kwa kila nguo, mmoja wa kuzikwa na mtoto, mwingine wabaki nao wazazi. Naikata bega kwa bega kwenye lesi ili ua moja lianzie kwenye moyo huu limalizikie kwenye ule. Jaribio la kwanza ua lilipotea kwenye mshono. La pili nimeacha nusu sentimita zaidi kila upande nikashona kwa mkono, na limekutana.

Kesho naweka sindano nyembamba, namba 70, nianze vifuko sita.