Zulia la matambara: mtande mmoja, watu watano

Huku Uswidi kuna kitu kinaitwa vävstuga, yaani chumba cha kufumia cha mtaa. Watu huchanga ada, vitanda vya kufumia ni vya wote, na mara nyingi mtande (nyuzi za urefu zinazokazwa kitandani) nao ni wa wote: unatandwa mmoja mrefu, kisha kila mtu anafuma kipande chake kwa zamu. Mimi nilianzia kwenye trasmatta, zulia la matambara, na ninachoandika hapa zaidi ni habari za kutanda, kwa sababu kufuma kwenyewe ndiyo sehemu nyepesi.

Hesabu kwanza. Zulia la sentimeta 70 kwa mita 2. Kitana chetu (kile chanuo kinachotenganisha nyuzi na kupigia matambara) kina meno 30 kwa kila sentimeta 10, uzi mmoja kila jino, kwa hiyo nyuzi 210. Ukingoni tuliweka nyuzi mbilimbili kwenye meno mawili ya mwisho kila upande: jumla 214. Urefu kwa kila mtu ni mita 2 za zulia, sentimeta 20 zinazoliwa na kujikunja kwa uzi, na sentimeta 30 za matamvua na nafasi kabla ya zulia la mwenzako. Hiyo ni mita 2.5, mara watano 12.5. Ongeza mita moja ya kufungia mbele na ile inayobaki nyuma bila kufumika: 13.5. Zidisha kwa 214, unapata kama mita 2,900. Uzi wa pamba 12/6 (nyuzi sita za namba 12 zilizosokotwa pamoja) hutoa zaidi ya mita 3,000 kwa kilo, hivyo kilo moja ilitutosha kwa kubanabana. Usijaribu kupunguza gharama kwa uzi wa kushonea au sufu. Matambara yanapigwa kwa nguvu, uzi dhaifu utakatika.

Nyuzi hupimwa kwenye fremu ya kuzunguka, na lazima zipishane msalaba upande mmoja. Huo msalaba ndio unaotunza mpangilio wa uzi namba 1 hadi 214. Ufunge kwa kamba ya rangi nyingine kabla hujatoa chochote kwenye fremu. Msalaba ukipotea, hakuna namna ya kujua uzi upi unafuata upi.

Kuviringisha mtande kwenye gogo la nyuma ni kazi ya watu wawili au watatu: mmoja anazungusha, wengine wanavuta kwa nguvu ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kila mzunguko unatandikiwa vijiti vyembamba vya mbao. Sisi vijiti vilituishia katikati, tukaendelea hivihivi. Nyuzi za pembeni zikateleza zikazama kwenye tabaka la chini, ambako mzunguko ni mfupi. Kuja kufuma, zikawa zinatoa urefu mdogo kuliko za katikati: pembeni pamekaza, katikati pamelegea, na mazulia mawili yakatoka na tumbo. Karatasi ngumu ya kaki ingetuokoa, mradi iwe pana kuliko mtande.

Kisha kila uzi unapita kwenye kitanzi chake, kinachoning'inia kwenye fremu ya kitanda inayouinua na kuushusha. Zulia ni ufumaji wa kawaida, juu-chini, ungeweza kutumia fremu mbili tu za vitanzi, lakini tulitumia nne kwa mpangilio 1, 2, 3, 4 ili vitanzi visisongamane. Kanyagio moja hubeba fremu 1 na 3, la pili 2 na 4. Kagua kila nyuzi nane kabla ya kuendelea. Kosa la kitanzi kimoja hulioni hadi umeshafuma, nalo litakuwa mstari kuanzia zulia la kwanza hadi la tano.

Matambara ni shuka za pamba zilizokatwa vipande virefu vyenye upana wa sentimeta 2 hadi 3. Zulia langu lilikula kilo mbili hivi. Kanga ya pamba inafaa sana, ila ni nyembamba, ikate sentimeta 5, na pindo lake hutoa mistari ambayo huwezi kuipanga kwa makusudi. Fulana zinavutika, zulia litakuja kujikunja. Jinzi ifue kwanza. Mwisho wa kipande ukate mshazari na ulalie kipande kinachofuata kwa sentimeta 6, usifunge fundo.

Unapopitisha tambara usilivute likanyooka. Lilaze kama upinde, sehemu ya katikati ikiwa sentimeta 10 juu, funga mwanya (nafasi kati ya nyuzi za juu na za chini), piga mara mbili. Ukilinyoosha, zulia la 70 linakuwa 64 bila wewe kujua, na nyuzi za pembeni zinasuguliwa na kitana hadi zikatike. Ule ubao wenye meno wa kutanulia zulia usogeze kila sentimeta 4. Uzi ukikatika, funga kipande kipya nyuma, kipitishe kwenye kitanzi na jino lake, kizungushie pini sentimeta 5 ndani ya zulia.

Urefu tulipima kwa utepe uliobandikwa pembeni, tukafuma hadi 210, maana zulia likishuka kitandani linajirudi.

Siku ya kukata, funga matamvua nyuzi nne nne kabla ya kulikunja. Na usichomoe nyuzi zilizobaki kwenye vitanzi! Ziache kama zilivyo, tanda mtande mpya wa nyuzi 214, kisha unganisha uzi kwa uzi. Ni mafundo 214, lakini vitanzi na kitana huvigusi tena.