Nilivyopanga zamu za kusema kwa viini 64 vya chipu moja

Kazi niliyojipa ilikuwa kutunga itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, ya kugawana chaneli moja ya redio ndani ya kichakataji chenye viini 64 (sehemu zinazofanya hesabu kila moja kivyake), kisha kuijaribu kwa programu ya uigaji. Nyaya zilikuwapo, lakini viini vikipangwa 8 kwa 8, ujumbe unaotoka kona moja hadi ya mkabala hupita viungo 14, na ule unaopaswa kufika kwenye viini vyote huzilemea nyaya zaidi. Kwa antena ndogo za gigahezi 60, kiini kimoja kikisema vingine vyote husikia karibu papo hapo, kwa kuwa wimbi huvuka milimita 20 za silikoni kwa takriban robo ya nanosekunde, ilhali mpigo mmoja wa saa niliyotumia, ile inayoongoza hatua za chipu, ulikuwa nanosekunde nzima.

Nilianza na kupokezana kijiti, kwamba anayekishika ndiye anayesema. Hapakuwa na mgongano hata mmoja, yaani viini viwili kusema kwa pamoja, ila kiini chenye neno, hata chaneli ikiwa tupu, kilingoja kwa wastani mipigo 32 kabla kijiti hakijakifikia. Nikaona ni afadhali kila kiini kijaribu bahati yake.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwa sababu antena inayotuma haiwezi kusikiliza wakati huohuo, na pakiti, yaani fungu moja la ujumbe, ya biti 80 kwa kasi ya gigabiti 16 kwa sekunde hushika chaneli mipigo 5, ambayo yote hupotea pakiti zikigongana. Nikatumia mbinu ambayo watafiti wa fani hii walikwisha kuieleza: mtumaji atoe utangulizi, ishara fupi ya kuanza, wa mpigo mmoja, kisha anyamaze mpigo mmoja, msikilizaji aliyesikia vurugu ya tangulizi zilizogongana apige ukelele wa kukataa, na kukiwa kimya mtumaji aendelee. Wanaokataa hata wakiwa kumi hawaharibiani, maana ukelele hauna maneno ya kueleweka, unatosha kusikika tu.

Matokeo yalinifurahisha hadi nilipoendesha programu ambayo viini vyote hungojana mahali pamoja kabla ya kuendelea. Vyote 64 vilituma utangulizi katika mpigo uleule, hakikubaki hata kimoja cha kusikiliza, ukelele haukupigwa, na kila kiini kikauchukua ukimya ule kuwa ruhusa. Nilipoteza siku kadhaa nikilaumu hesabu za uigaji, ilhali kosa lilikuwa la itifaki yenyewe. Dawa yake ilikuwa antena ya 65, isiyo na kiini wala ujumbe, ambayo kazi yake ni kusikiliza na kukataa.

Kijiti sikukitupa. Kila kiini huhesabu makelele ya kukataa, yakiwemo yale kilichoyapiga chenyewe, na kwa kuwa hesabu hiyo hulingana kila mahali, viini vyote hurudi kwenye kijiti kwa mpigo mmoja pindi migongano inapofuatana, bila msimamizi wa kuviamuru.