Presha yangu hupanda nikimwona muuguzi

Kitambaa cha kupimia kilikuwa hakijaanza kujaa upepo, na moyo ulikuwa ushaanza kunidunda masikioni. 168 kwa 102. Muuguzi akaguna. "Mama, hii imepanda sana." Marehemu mama yangu alipooza upande mmoja, na kwake pia mambo yalianza na muuguzi kuguna. Nilirudi Langoni, mtaa wetu hapa Lamu, miguu haina nguvu.

Mara ya pili daktari aliniuliza swali ambalo sikuwa nimeulizwa: nyumbani ni ngapi? Sikujua. Akanieleza kwamba wako watu ambao presha yao hupanda kwa hofu ya hospitali tu, na hapo hapo akanionya nisijipe moyo kabla ya kupima.

Kijana wangu alininunulia mashine Mombasa, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Mkono wangu ni mnene, kwa hiyo alitafuta kitambaa kipana; kikibana, namba huja juu kuliko ukweli. Nikaambiwa: nusu saa bila kahawa, niende haja kwanza, nikae dakika tano nimeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na kimya. Hapo ndipo nilipojua nilivyokuwa nikipimwa. Nilikuwa nafika pale baada ya kupita vichochoroni mbiombio nikipisha punda, jua la saa tano, kikombe cha kahawa chungu kiko tumboni, na napimwa huku najibu maswali.

Kimya ndicho kilichonishinda nyumbani kwangu. Nikachagua baada ya sala ya alfajiri, watoto wamelala, na usiku baada ya Isha. Kila wakati napima mara mbili, dakika moja katikati, na mjukuu wangu ananiandikia daftarini. Siku saba. Siku ya kwanza haihesabiwi.

Wastani ulikuja 127 kwa 78. Daktari alisema kwa vipimo vya nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, wa hospitali ni 140 kwa 90. Nililia pale pale kitini.

Dawa hakunipa, lakini hakuniachia. Watu wa hali yangu, baadhi yao hupata presha ya kweli baadaye, ndiyo maana bado napima, na ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) na achari nimepunguza kwa ajili ya chumvi, jambo gumu kwa mtu wa hapa. Na wewe ambaye tayari unameza dawa, tafadhali usiziache kwa sababu ya kisa changu. Peleka namba zako kwa daktari.

Siku hizi nikifika namwambia muuguzi, "Mwanangu, nakuomba nikae kwanza, halafu unipime mara tatu." Juzi ya kwanza ilikuwa 156, ya tatu 139. Daktari akanyoosha mkono nimpe daftari.