Samaki wamekufa? Pima kabla ya kuzika

Samaki wakifa kwa wingi bwawani au kwenye kizimba cha wavu ziwani, kila mtu hukimbilia kutoa mizoga na kuizika kabla haijanuka. Izike, ndiyo, lakini kwanza ihesabu. Ukidai fidia ya maafa, mtathmini wa serikali akija siku ya tatu akakuta shimo limeshafukiwa, atabaki na maneno yako tu.

Siku hiyohiyo mjulishe afisa uvuvi, taarifa iandikwe pamoja na saa. Kisha jaza mizoga kwenye ndoo, pima, hesabu waliomo. Rudia kwa ndoo tano kutoka pembe tofauti. Ukipata wastani wa samaki 40 kwa kilo 12, kila mmoja ana gramu 300. Kuanzia hapo unahesabu ndoo tu. Waliohesabiwa watoke majini kabisa, la sivyo kesho watahesabiwa tena. Wengine huzama kwanza na kuibuka baadaye, hasa maji yakiwa baridi, kwa hiyo hesabu ya siku ya kwanza huwa pungufu. Endelea kuandika kila siku mpaka waishe.

Kinachoharibu madai mengi ni kuandika uzito wa sokoni kwa samaki ambao hawajaufikia. Mtathmini ataomba risiti zako za chakula, na hesabu yake ni nyepesi: mifuko 60 ya kilo 25 ni kilo 1,500. Ikiwa kilo 1.5 ya chakula huzaa kilo moja ya samaki, bwawani mlikuwa na kama tani moja, ukitoa ulichokwisha kuvua. Ukidai tani tatu, hata yale ya kweli kwenye faili lako yatatiliwa shaka.

Chanzo cha vifo nacho kinatakiwa, kwa sababu fedha za maafa kwa kawaida hazilipii msongamano wa samaki uliouleta mwenyewe. Pima oksijeni kabla ya jua kuchomoza, juu na karibu na sakafu. Kipimo cha adhuhuri kinadanganya, kwani mwani huzalisha oksijeni kukiwa na mwanga. Chini ya miligramu 3 kwa lita, samaki wengi wa kufugwa huteseka. Wakubwa wakitangulia kufa na waliobaki wakihema juu ya maji alfajiri, shuku oksijeni. Aina zote wakifa kwa mpigo, wakubwa kwa wadogo, fikiria sumu. Vifo vinavyopanda polepole kwa aina moja huelekea kuwa ugonjwa.

Maabara wapelekee samaki anayekaribia kufa, akiwa ndani ya mfuko juu ya barafu. Usimgandishe, maana tishu huharibika. Mzoga uliovimba hauna kazi kwao.

Mkimaliza, zikeni mbali na maji, mtie chokaa, mpige picha shimo likiwa wazi na kitu cha kuonyesha kina chake, kijiti chenye alama kinatosha. Risiti ya vifaranga vya samaki, yenye idadi na tarehe ya kupandikiza, iwe ya kwanza kwenye faili.