Maharage Yaliyomaliza Gesi Yangu

Jumapili moja nilibandika nusu kilo ya maharage saa nne asubuhi. Saa nane mchana yalikuwa bado yanagonga sufuria kama changarawe. Nilishaongeza maji mara tano, nikatia magadi, nikatia na maneno. Ilipokaribia saa tisa moto ukanywea, ukazima. Mtungi wenyewe wa kilo 6, nilikuwa nimeujaza wiki tatu tu nyuma. Nikavaa kandambili, nikashuka mtaani kula chipsi mayai.

Ndiyo ilikuwa kawaida yangu. Naishi Sinza, chumba na sebule, peke yangu, na kwa karibu miaka mitatu chakula changu cha jioni kilikuwa zege, yaani hizo chipsi mayai, na soda. Siku niliyopiga hesabu, shilingi 4,000 mara jioni 25 za mwezi, nilipata 100,000, bila kuhesabu dawa za kiungulia. Si kwamba sikujaribu kupika. Nilitazama video, nikanunua viungo vya paketi vya kila rangi, vidonge vya supu, sosi ya nyanya ya chupa. Mchicha, nyama, viazi, vyote vikatoka na ladha moja: ya paketi. Nikajiaminisha kwamba sina mkono wa kupika, basi.

Kesho yake nilipitia genge la kona kununua ndizi, mkononi nina maharage yaliyobaki kwenye mfuko. Nilitaka tu kumlalamikia mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona umenuna?"

Nikampa mfuko. Akamimina machache kiganjani, akayageuza, akacheka. "Baba, haya si maharage, haya ni mabibi. Yamekaa dukani mpaka yamezeeka." Akachukua mengine kwenye beseni lake, akaniambia niling'ate moja. Jino liliacha alama. La kwangu lilikataa. Halafu akanionyesha ganda: yake yalikuwa yanang'aa na yamejaa, yangu yamefifia na yana mikunjo. Maharage yakikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu kama wa Dar yanakomaa kiasi kwamba hata uyachemshe kutwa hayalainiki sawasawa. Magadi yanasaidia, lakini ukizidisha kidogo unakula sabuni.

Aliniuliza pia kama nilitia nyanya. Nilitia, mwanzoni kabisa, ili ladha iingie. Akatikisa kichwa. Uchachu wa nyanya unayazuia maharage kuiva. Nyanya inangoja mpaka yalainike. Hakuna video iliyoniambia hivyo, au iliniambia nikaruka mbele.

Usiku ule niliyaloweka ya kwake, aina ya njano. Jumanne jioni nikayachemsha, saa moja na kidogo yakapasuka yenyewe. Sikuwa na cha kuyaungia zaidi ya kitunguu, nyanya mbili na chumvi. Nilikula sahani mbili nikiwa nimesimama jikoni.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba tatizo langu halikuwa jikoni, lilikuwa sokoni. Nilikuwa nanunua kwa macho na kwa haraka, kisha natafuta paketi ya kunisaidia.

Cha pili nilichojifunza ni nazi, na hapa nilimpigia simu shangazi yangu aliyeko Pangani, maana kule mtoto anajua nazi kabla hajajua kusoma. Aliniambia niipime kwa mkono kwanza: iwe nzito kuliko inavyoonekana. Niitikise sikioni. Maji yakicheza yanasikika, sawa. Kimya kabisa, niiache. Niangalie na yale macho matatu, yakiwa na unyevu au ukungu niirudishe. "Na usikubali kupewa koroma, mwanangu. Koroma halina mafuta, utakamua maji."

Nimekuna kwa mbuzi mara mbili, mara ya pili nikajikuna kidole. Siku hizi nakata nyama ya nazi vipande, natia kwenye blenda na maji ya uvuguvugu, nachuja. Shangazi haijui hii na asijue. Tui la kwanza, lile zito, naliweka pembeni. La pili na la tatu ndilo ninalochemshia maharage yaliyokwisha kuiva, pamoja na kitunguu kilichokaangwa, nyanya, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa na chumvi. Yakishaanza kuwa mazito nateremsha moto, natia tui zito, nakoroga bila kuacha mpaka lipwitepwite mara mbili tatu, naepua. Ukiliacha lichemke kwa fujo linakatika, mafuta huku, machicha huku. Nusu kilo ya maharage, nazi moja kubwa. Nikiwa na haraka natumia tui la kopo, lakini nasoma kwanza kilichoandikwa ubavuni. Nikikuta orodha ndefu kuliko nazi na maji, narudisha.

Vitunguu vina hadithi fupi. Nilikuwa nachagua vikubwa kwa sababu vinamenyeka haraka. Vingi vya hivyo vina maji, ukivikaanga vinajichemsha badala ya kugeuka rangi. Sasa natafuta vya Mang'ola au Singida, vyekundu, vigumu, shingo imekauka, ganda linakwaruza mkononi. Vinaliza, ndiyo. Kitunguu saumu nacho nimehama kutoka kile kikubwa cheupe cha kuagizwa kwenda kile kidogo cha Mbulu, chenye punje zinazokera kumenya. Punje mbili zake zinatosha pale nilipokuwa naweka tano.

Mchele ulinidhalilisha mbele ya wageni. Nilisikia wa Kyela ndio wenyewe, nikanunua kilo 5, unanukia mpaka begi likanukia. Nikaalika marafiki wawili wa kazini. Nikapima maji vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha mchele, kama nilivyozoea, na tukala bokoboko kwa vijiko. Kumbe mchele ulikuwa mpya, umetoka shambani juzi. Mchele mpya una unyevu wake, hautaki maji mengi. Uliokaa miezi kadhaa unakunywa zaidi na unachambuka. Siku hizi swali langu la kwanza kwa muuzaji si unatoka wapi, ni mpya au wa zamani. Jina la kwenye boksi lililochomekwa juu ya fungu silitegemei sana. Kama Kyela ingetoa mchele wote unaoitwa wa Kyela hapa Dar, wilaya hiyo ingelima mpaka barabarani. Nachota kiganjani, nanusa, natazama chenga ni kiasi gani, natafuna punje mbili. Wauzaji wa Tandale wamezoea, hawanuni.

Ukiniuliza mlo ninaoupika zaidi ya yote katikati ya wiki, nikirudi nimechoka na foleni, nitakwambia dagaa. Lakini dagaa wa Kigoma. Zamani nilinunua wale wadogo wa Mwanza kwa sababu ya bei, na ninawaheshimu, ila wengi huanikwa chini na nilichoka kutafuna mchanga. Wa Kigoma ni ghali zaidi, lakini sihitaji wengi: viganja viwili vinalisha mtu mmoja na kiporo cha asubuhi. Nawataka wazima, waking'aa kama fedha. Wakianza kuwa na rangi ya kutu mafuta yao yameshaharibika, na hakuna ndimu itakayoficha ile harufu.

Nawatoa vichwa huku nikisikiliza taarifa ya habari, nawaosha kwa maji ya moto, nawaacha wachuje. Nawakaanga kwenye mafuta kidogo ya alizeti mpaka wakauke na kugongana. Nawatoa. Kwenye mafuta yaleyale naweka kitunguu, kikianza kuwa kahawia kinafuata kitunguu saumu, halafu nyanya tatu. Nyanya za kupikia nachukua zile zilizoiva mpaka zimelainika, ambazo mama wa genge huzitenga fungu lake na kuziuza bei ya chini jioni. Zile ngumu nzuri za kupigia picha naziachia kachumbari. Nyanya ikirojeka na mafuta yakipanda juu, dagaa wanarudi, ndimu inakamuliwa, kifuniko dakika tano. Ugali wa dona pembeni na tembele la kuchemsha. Kuanzia kuwasha moto mpaka kunawa mikono, dakika 35 hivi.

Viungo nimebakiwa na vinne tu: binzari nyembamba, pilipili manga, iliki na karafuu, vyote vizima, kwenye vichupa vya kahawa. Nakaanga kidogo bila mafuta, natwanga pale pale. Paketi nyingine zote nilimpa jirani.

Fedha? Sijaokoa nyingi kama nilivyotarajia, kwa sababu nazi, dagaa wa Kigoma na mchele mzuri havipatikani bure. Mwezi uliopita chakula cha jioni kilinigharimu kama 75,000. Ila humo kuna na cha kubeba kazini mchana, jambo ambalo zege haikuwahi kunifanyia.

Samaki bado sijaweza. Nimeambiwa yote: macho yawe maangavu na yametuna, mashavu mekundu ndani, ukibonyeza nyama irudi. Nilikwenda soko la samaki la Feri nikiwa na elimu hiyo yote, lakini nikaenda saa nane mchana, juani, na nikakuta samaki aina ya changu wanaomwagiwa maji kila dakika waonekane wamefika sasa hivi. Nikabonyeza, ikarudi, au nikataka kuona imerudi. Nilipopita gengeni na mfuko wangu, mama alinusa akiwa amekaa, hata hakuinuka.

"Baba, hao walivuliwa wakati wewe unaloweka maharage."

Ameniambia niende alfajiri, mashua zinapoingia. Mimi alfajiri nagombania daladala. Kwa hiyo kwa sasa samaki wangu ni kibua aliyekwisha kukaangwa na dada wa jioni pale kituoni, ambaye foleni yake haimpi nafasi ya kulaza samaki. Namfikia saa kumi na mbili unusu, nachukua wawili, nikifika nyumbani nawatia kwenye tui zito lenye ukwaju na pilipili, dakika nane. Wali wa mchele wa zamani, maji vikombe viwili.