Sainasi sugu: kilichonisaidia mimi hapa Mwanza

Jamani wenye sainasi (ule uvimbe wa vijivyumba vya hewa vinavyozunguka pua), mie nauza dagaa mwaloni Kirumba, vumbi na moshi ndo maisha yangu, pua ilikuwa imeziba miezi na miezi, harufu sisikii, kila duka la dawa napewa antibayotiki nyingine, wapi! Daktari wa pua akaingiza kamera akakuta vinyama laini viwili na aleji, akasema ikipita wiki 12 mara nyingi ni uvimbe tu wala sio bakteria, na sainasi za watu hazifanani, wa jino bovu atibiwe jino, mwenye aleji atibiwe aleji.

Mimi nikapewa spreya ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) ya kupuliza puani kila siku, unainamisha kichwa kidogo, ncha unaielekeza upande wa sikio, sio ukuta wa kati, utatoka damu. Kabla yake naosha pua: nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kidogo cha chumvi. Maji ya ziwani au bombani mabichi usithubutu, kuna amiba, vijidudu hatari. Matone ya kuzibua nimeyaacha, ukizidisha siku chache pua inaziba zaidi. Inachukua wiki kadhaa lakini sasa dagaa wakianza kuoza nawasikia mapema, afadhali hata hivyo. Barakoa sivui nikiwa kazini.